Ibn al-Haytham: Mwanachuoni aliyetambua kuwa nuru ina mwendo

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi na Mpangaji wa giza na nuru. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, leo tumekusudia kuwasimulia maisha ya Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham. Tumemchagua kwa sababu vijana wetu wengi husoma shuleni habari za nuru na kasi yake, wakadhani kuwa elimu hiyo haikupata kupita mikononi mwa Waislamu. Wengine nao hutia chumvi, wakamzulia mambo asiyoyafanya. Njia zote mbili ni dhuluma kwa mtu huyu, nasi tunapenda kushika njia ya katikati.

Ibn al-Haytham alizaliwa Basra, nchini Iraki, mwaka 354 Hijria, sawa na mwaka 965 Miladia. Alibobea katika hesabu, falaki na falsafa, na sifa zake zikafika Misri kwa mtawala al-Hakim, wa ukoo wa Fatimiya. Mwanahistoria Ibn al-Qifti, aliyefariki mwaka 1248, anasimulia kwamba Ibn al-Haytham aliwahi kusema kuwa lau angekuwa Misri angeudhibiti mto Nile, watu wanufaike nao wakati wa mafuriko na wakati wa uhaba. Al-Hakim akamwita, akampokea kwa heshima, kisha akampa mafundi na kumtaka atimize aliyoyasema.

Msafara ulikwenda kusini hadi karibu na Aswan. Njiani mwanachuoni huyu aliyatazama majengo ya watu wa kale, akaona ustadi wa hesabu na uhandisi uliomo. Akatambua kwamba watu wenye elimu kama ile wasingeshindwa kuudhibiti mto huo kama jambo lenyewe lingewezekana kwa zana za zama hizo. Alipofika na kulikagua eneo, akarejea Kairo na kukiri kuwa haliwezekani. Tukumbuke kwamba Bwawa Kuu la Aswan lilikamilika mwaka 1970, kwa mitambo ambayo yeye hakuwahi hata kuisikia.

Kukiri mbele ya mtawala mwepesi wa kumwaga damu hakukuwa jambo dogo. Al-Hakim alimpa kazi ya uandishi serikalini, lakini hofu haikumtoka. Kwa mapokezi hayo hayo, alijifanya mwendawazimu, akazuiliwa nyumbani kwake, mali yake ikawekwa chini ya ulinzi, mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 411 Hijria (1021). Hapo ndipo alipodhihirisha kuwa akili yake ni timamu. Akaishi jirani na msikiti wa al-Azhar, akijipatia riziki kwa kunakili vitabu vya hesabu na falaki kwa mkono wake. Alifariki takriban mwaka 430 Hijria (1040). Orodha za kale zinamtaja kwa vitabu na risala zaidi ya 90.

Kilicho mashuhuri zaidi ni Kitab al-Manazir, chenye juzuu saba, kuhusu nuru na mwono. Kabla yake walikuwapo wakubwa wa Kiyunani, kama Euclid na Batlamyus, walioona kuwa jicho hutoa miale inayokwenda kuvigusa vitu. Ibn al-Haytham akaonyesha kwa hoja na majaribio kuwa nuru hutoka kwenye vitu ikaingia jichoni. Alitumia vyumba vya giza, taa na matundu madogo, akapima njia inayopita nuru, wala hakuridhika na kauli ya mtu kwa ukubwa wa jina lake.

Katika kitabu hicho alizingatia pia mwendo wa nuru. Aristotle alikataa kuwa nuru ni kitu kinachosafiri. Ibn al-Haytham akatoa mfano wa tundu lililozibwa kisha likafunguliwa: nuru ipitayo hapo haiwezi kuufikia ukuta wa mbele ila kwa kupita muda, hata kama muda huo ni mfupi kiasi kwamba hisia zetu haziutambui. Akaongeza kuwa nuru huenda polepole zaidi katika vitu vizito kama maji na kioo kuliko hewani, na kwa hilo akaeleza kwa nini hupinda inapoingia majini.

Mwenye kutaka kuona tofauti za mwendo na amtazame mtu akataye kuni ng'ambo ya bonde. Shoka huonekana likitua, na mlio hufika baadaye, kwa sababu sauti hewani huenda takriban mita 340 kwa sekunde. Radi nayo, ukihesabu sekunde tatu baada ya umeme kumulika, basi imepiga umbali wa kama kilomita moja.

Lakini tuseme kweli: Ibn al-Haytham hakuipima kasi ya nuru, kwani hakuwa na chombo cha kuipimia. Aliyepata dalili ya kwanza ya vipimo ni Ole Rømer, mjini Paris mwaka 1676, kwa kuchunguza mwezi mmoja wa sayari ya Mshitarii ambao kupatwa kwake kulichelewa kila dunia ilipokuwa mbali nao. Mwaka 1849 Fizeau akaipima hapa ardhini kwa gurudumu lenye meno, na mwaka 1850 Foucault akathibitisha kuwa nuru huenda polepole zaidi majini. Leo tunajua kuwa kasi yake katika utupu ni kilomita 299,792 na ushei kwa sekunde. Nuru ya jua hutufikia kwa muda wa dakika nane na kidogo, basi jua tunaloliona ni la dakika nane zilizopita.

Wapo wanaozikokotoa aya za Qur'ani ili wapate tarakimu hiyo, wakidhani wanaitukuza. Sisi hatuoni kuwa Kitabu cha Mwenyezi Mungu kinahitaji msaada huo. Ibn al-Haytham, aliyeishi na Qur'ani, hakutafuta njia ya mkato. Alifunga dirisha, akawasha taa, akapima. Huko kutafakari katika viumbe ndiko tulikoamrishwa.

Wazazi wenzetu, mtoto akiuliza kwa nini kijiti huonekana kimevunjika ndani ya glasi ya maji, tusimkemee. Tukijua tumweleze, na tusipojua tumpeleke kwa mwalimu. Tumzoeshe pia kusema ukweli pale jambo linapomshinda, kama alivyosema mwanachuoni huyu kando ya Nile, ilhali uhai wake ulikuwa hatarini.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu Ibn al-Haytham, azinawirishe nyoyo zetu kwa elimu yenye manufaa, na atujaalie watoto wenye kupenda haki. Amin. Wallahu a'alam.