MAISHA YA MAREHEMU BIBI TITI MOHAMED NA FUNDISHO LAKE KWETU

 Tulipokaa kupanga yatakayoandikwa katika kitabu hiki cha miaka kumi ya kikundi chetu, tulikubaliana tumpe nafasi mama mmoja ambaye hakuwahi kuweka hisa katika sanduku letu, lakini jina lake tumelitaja mara nyingi kwenye vikao. Huyo ni marehemu Bibi Titi Mohamed.

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwezi wa Juni 1926. Asili ya wazazi wake ni Rufiji, kule kule tunakopita na basi tukienda Dar. Shule alisoma mpaka darasa la nne tu. Alipovunja ungo aliwekwa ndani kama ilivyokuwa desturi ya Pwani, halafu akaozwa angali msichana mdogo kwa mwanamume aliyemzidi sana umri. Wakapata mtoto mmoja, ndoa ikavunjika. Wangapi kati yetu yamewakuta hayo, wakaambiwa basi, mambo yako yamekwisha? Ya Bibi Titi ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza.

Mungu alimjalia sauti. Akawa mwimbaji kiongozi katika kikundi cha ngoma cha Bomba. Na watu wa ngoma mnawajua. Mwimbaji wa ngoma haogopi macho ya watu, anajua kufumba na kufumbua, na akipigwa kijembe halali nacho. Ulimi huo wa ngoma ndio uliokuja kuwa silaha yake.

Mwaka 1955 alifika Dar es Salaam Mwingereza mmoja wa chama cha Labour, jina lake John Hatch. Akawauliza viongozi wa TANU wanawake wenu wako wapi. Swali likawa gumu, maana chama kilikuwa cha wanaume watupu, au karibu na hivyo. Ndipo Schneider Plantan akaenda kumtafuta Bibi Titi. Wakati huo alikuwa ameolewa na Boi Selemani, na huyu mume naye alikuwa mtu wa TANU.

Sasa hapa akina mama tusikilize vizuri. Bibi Titi hakupita nyumba kwa nyumba kuanza upya. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya mjini. Vikundi hivyo vilikuwa na viongozi wao, vilikuwa na michango, vilikuwa na mahudhurio. Kiongozi akishakubali, kikundi chote kinakuja nyuma yake. Kwa miezi mitatu tu wakaandikishwa wanawake wapatao 5,000. Baadaye akazunguka nchi pamoja na Mwalimu Nyerere, anasimama mbele ya maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake, mtu wa darasa la nne, na watu wanamsikiliza kimya.

Sisi wa Nachingwea tuna jambo la kulinganisha na hilo. Wazee wetu waliuona mradi wa karanga wa Waingereza. Ulianza 1947 na matrekta na mamilioni ya pauni, ikajengwa hata reli, na kufika 1951 ulikuwa umeanguka. Pesa zilikuwepo, ila wenye ardhi hawakuulizwa kitu. Bibi Titi hakuwa na trekta. Alikuwa na akina mama wanaoaminiana, na kazi yake ilisimama. Sanduku letu nalo lilianza hivyo hivyo, kwa watu waliokwishajuana kisimani na misibani.

Baada ya Uhuru alikuwa mbunge, akawa naibu waziri, na mwaka 1962 ilipoundwa UWT yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza. Mwaka 1965 akashindwa ubunge huko Rufiji. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, likasema kiongozi asiwe na nyumba za kupangisha. Bibi Titi alikuwa nazo. Hakuziandika kwa jina la ndugu, wala hakujifanya anakubali huku moyoni anakataa. Alijiuzulu Kamati Kuu ya TANU, akabaki na nyumba zake.

Jambo hili limetubishanisha sana kwenye kikundi. Wapo kati yetu wanaosema Azimio lilikuwa zuri, na kiongozi alipaswa kujinyima. Wengine wanasema mwanamke aliyewahi kuachwa anaijua thamani ya paa lake mwenyewe, maana mkono mtupu haulambwi. Hatukufikia mwafaka, na si lazima tufikie. Lakini wote tulikubali kwamba alikataa mchana kweupe, na gharama yake aliilipa mwenyewe.

Mwezi wa Oktoba 1969 alikamatwa pamoja na wenzake, wakashtakiwa kwa kula njama ya kuipindua serikali. Kesi iliendeshwa mwaka 1970 mbele ya Jaji Mkuu Telford Georges. Yeye alikana. Mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Rais Nyerere, yule yule aliyezunguka naye nchi nzima, akamsamehe na akatoka. Alipotoka, mume hakuwa naye tena, na marafiki wa siasa walikuwa wamempa kisogo. Mtu aliyekuwa akijaza viwanja akakaa kimya miaka mingi.

Lakini ulimi ulikuwa bado upo. Miaka ya 1980, akiwa mtu mzima, alimsimulia maisha yake mwandishi wa Kimarekani, Susan Geiger, na mwaka 1997 kikatoka kitabu juu ya wanawake wa TANU. Mwaka 1991, nchi ilipotimiza miaka 30 ya Uhuru, gazeti la chama lilimtaja kuwa shujaa. Alifariki Johannesburg, Afrika Kusini, tarehe 5 Novemba 2000, mwaka mmoja baada ya Mwalimu. Leo ukiwa katikati ya Dar es Salaam utapita Barabara ya Bibi Titi Mohamed.

Akina mama, msimu wa korosho na ufuta ukifika pesa zinaonekana, na maneno nayo yanaonekana. Mama akijenga chumba kwa mkopo wa sanduku, anaulizwa kiandikwe jina la nani. Hapo ndipo tunamkumbuka Bibi Titi. Kilicho chako kiandikwe jina lako. Jambo usilolitaka likatae kikaoni, usingoje kulisemea njiani. Na mwenzetu akianguka, tusimpe kisogo kama alivyopewa yeye.

Mungu amlaze mahali pema peponi. Amina.

Mwenyekiti, kwa niaba ya wanachama wote