Michael Elliott: Mkemia aliyeipa Asembo kinga ya malaria

JINA la Michael Elliott halitajwi sana katika vijiji vya Asembo Bay, kando ya Ziwa Victoria. Hata hivyo, matunda ya kazi ya mkemia huyo Mwingereza yalitundikwa juu ya vitanda vya watoto wa huko katika miaka ya 1990.

Ndiye aliyeongoza utafiti uliozaa permethrini, dawa ya kuua wadudu iliyotiwa katika vyandarua vilivyofanyiwa majaribio Asembo na Gem.

Elliott alizaliwa London mnamo Septemba 30, 1924. Mwaka huo huo, wanakemia Hermann Staudinger na Leopold Ruzicka walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu viini vinavyoyapa maua ya pareto sumu ya kuua wadudu.

Baada ya kusomea kemia Southampton, alijiunga mwaka 1948 na kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, ambako alifanya kazi kwa zaidi ya miaka 30.

Enzi hizo Kenya ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakuu wa pareto duniani. Dawa ya maua hayo iliwaangusha wadudu mara moja bila kumdhuru sana binadamu. Kasoro yake ilikuwa moja: ilipopigwa na jua, nguvu zake zilitoweka upesi.

Kiini cha pareto kina sehemu mbili zilizoungana, asidi na alkoholi. Elliott na wenzake, akiwemo Norman Janes, walizibadilisha sehemu hizo kwa zamu, kisha wakaijaribu kila kemikali mpya kwa nzi na mbawakawa.

Mwaka 1967 walitangaza bioresmethrini, iliyowaua nzi kwa ukali kuliko pareto yenyewe. Lakini hiyo nayo ilishindwa na jua.

Ufumbuzi ulipatikana mwaka 1973. Waliweka atomi za klorini mahali palipokuwa pakiharibiwa na mwanga, na kutumia alkoholi iliyo imara zaidi. Hivyo ndivyo permethrini ilivyopatikana. Mwaka uliofuata walitangaza deltamethrini, iliyo kali zaidi.

Uimara huo ndio uliowezesha dawa kukaa katika uzi wa chandarua kwa miezi kadhaa. Kati ya 1997 na 1999, watafiti wa taasisi ya KEMRI na wenzao wa kituo cha CDC cha Marekani waliifanyia majaribio katika vijiji 221 vya Asembo na Gem. Nusu ya vijiji hivyo vilipewa vyandarua mwanzoni, na vingine vikapewa baadaye.

Vifo vya watoto wa umri wa kati ya mwezi mmoja na miaka mitano vilipungua kwa asilimia 16. Hata nyumba zisizo na vyandarua, zilizokuwa karibu na vijiji vilivyopewa, zilipata nafuu, kwa kuwa mbu walikuwa wamepungua.

Hata hivyo, neema hiyo ilikuwa na gharama yake. Dawa za viwandani ziliteka soko la pareto, na wakulima wa Kisii na Molo, waliosomesha watoto kwa maua hayo, wakapoteza pato. Malipo yaliyocheleweshwa kwa miaka mingi nayo yaliwafanya wengi wao kuing'oa mimea hiyo.

Aidha, dawa za jamii hiyo ni sumu kali kwa samaki, na ndiyo maana wakazi wa ufuoni huonywa wasifue vyandarua ziwani.

Elliott alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka 1979, akatunukiwa Tuzo ya Wolf ya kilimo mwaka 1989. Alifariki dunia Oktoba 18, 2007, akiwa na umri wa miaka 83.

Mbu wa magharibi mwa Kenya wamekuwa sugu kwa dawa za aina hiyo, hivyo baadhi ya vyandarua vya sasa huongezwa kemikali nyingine ya kuzisaidia. Wanakemia wa leo wanaitafuta itakayofuata kwa njia ile ile ya Elliott: kubadilisha kiini kidogo kidogo na kukijaribu tena.