Habari za Anthony Johnson wa Virginia

Wako watu wengi wanaotafuta habari za babu zao, nao huzipata si katika masimulizi ya wazee tu, bali katika vitabu vya makarani: hesabu za watu, hati za mashamba, hukumu za mahakama na madaftari ya kanisa. Leo twawaletea maisha ya mtu ambaye asingalijulikana kabisa kama si vitabu vya namna hiyo. Naye ni Anthony Johnson, Mwafrika aliyekuwa miongoni mwa walowezi wa zamani wa Virginia, koloni la Waingereza huko Amerika.

Katika mwaka wa 1621 aliletwa kwa merikebu iitwayo James, akawekwa kufanya kazi katika shamba la tumbaku la Bennett. Tarehe 22 Machi 1622 wenyeji wa nchi, ambao ardhi yao ilikuwa ikichukuliwa, waliwaangukia walowezi, wakafa watu wapatao 347. Yeye aliokoka pamoja na wachache wa shamba lile. Hesabu ya watu ya mwaka wa 1625 yamtaja kwa jina moja tu, Antonio, pamoja na rangi yake. Jina la baba yake halikuandikwa, wala la nchi yake. Shambani mumo alikuwamo mwanamke Mary, aliyefika mwaka wa 1622, naye ndiye aliyekuwa mkewe.

Vitabu vinapomtaja tena baada ya miaka mingi, yeye ni mtu huru, mwenye mke, watoto na ng'ombe, na jina lake ni Anthony Johnson. Mtafutaji asiyeangalia sana angempoteza papo hapo. Mwaka wa 1651 alipata ekari 250 kando ya kijito cha Pungoteague, kwa sheria iliyompa mtu ekari 50 kwa kila mtu aliyelipiwa nauli ya kuja katika koloni. Mwaka wa 1653 moto uliteketeza mali yake nyingi. Mahakama iliukumbuka utumishi na bidii yake ya siku nyingi, ikawasamehe mkewe na binti zake wawili kodi muda wote wa maisha yao.

Lakini kitabu kile kile chashuhudia na jambo la kuhuzunisha. Johnson alikuwa na mtumishi mweusi, John Casor, aliyedai kwamba muda wa mapatano yake ulikwisha kupita. Johnson alimwachilia kwanza, kisha akageuka, akaenda mahakamani. Na mwaka wa 1655 Casor akahukumiwa kuwa wake maisha. Basi yeye aliyeonja utumwa alimfunga mwenzake. Hatuna ruhusa ya kuuficha ukurasa huo kwa ajili ya heshima ya mzee.

Yapata mwaka wa 1665 alihamia Maryland pamoja na jamaa yake, akakodi shamba la ekari 300, akafa mwaka wa 1670. Mwaka huo huo wazee wa mahakama ya Virginia waliamua kwamba kwa kuwa alikuwa mtu mweusi, alikuwa mgeni. Kwa hiyo ardhi aliyomwachia mwanawe Richard ikachukuliwa. Miaka karibu 50 ya jasho lake katika koloni haikuhesabiwa. Kalamu iliyompa haki mwaka wa 1653 ndiyo iliyomnyang'anya mwaka wa 1670.

Hata hivyo uko mstari mmoja zaidi. Mwaka wa 1677 mjukuu wake, John, alinunua ekari 44 huko Maryland, akaliita shamba lile Angola. Jambo ambalo hakuna karani aliyejali kumwuliza babu, mjukuu aliliandikisha katika hati ya shamba, nalo lasomwa hata leo.

Ndugu, hasa ninyi walimu mnaoshika madaftari ya ubatizo, ya ndoa na ya maziko, habari hizi zatugusa. Tukiandika jina nusu, au tukiacha jina la mama au la kijiji kwa kuona haraka, twamfungia mlango mjukuu ambaye hajazaliwa bado. Na tukitafuta wazee wetu, tuwapokee kama walivyoandikwa, mema yao na mabaya yao. Tuandike basi kwa ukamilifu, tena kwa kweli.