PEDRO FLORES NA YOYO YAKE



Mu kipindi kilichopita wote mulisikia habari ya ile yoyo ya atelie. Wanafunzi wane wa mwaka wa tatu waliitengeneza. Kwanza walijaribu na vizibo vya chupa, haikutembea. Kisha wakaomba vipande viwili vya mbao. Kila wakati wa rekreasyo walikuwa chini ya muti wa maembe: huyu anapunguza mbao na kisu, yule anabadirisha uzi, mwengine anahesabu imepanda mara ngapi. Upande mumoja ulikuwa muzito kuliko mwengine, kwa hiyo yoyo ilikuwa inatikisika tu. Siku ilipoanza kwenda vizuri, ndiyo siku ugomvi ulianza. Mumoja aliandika jina lake juu ya mbao na musumari. Wenzake watatu wakakasirika. Walikaribia kupigana. Mimi kapita wenu nikaitwaa ile yoyo, nikaifunga ndani ya sanduku langu, nikafikiri nimemaliza shauri.

Sikumaliza kitu. Wale wane hawakusemezana tena. Ndipo nikaanza kutafuta habari: yoyo ilitoka wapi, na iko ya nani? Nikakuta maisha ya mutu mumoja jina lake Pedro Flores. Leo ninawasimulia maisha yake.

Pedro Flores alizaliwa mu mwaka 1896 huko Vintar, mu jimbo la Ilocos Norte, inchi ya Ufilipino. Miaka miwili nyuma, mu 1898, Wahispania walishindwa vita na Ufilipino ukaingia mukononi mwa Marekani. Basi Flores alikomaa chini ya utawala wa wageni. Mu mwaka 1915 alivuka bahari akaenda Marekani. Alisoma mu masomo ya biashara kule San Francisco, kisha akaanza kujifunza sheria kwenye universite. Lakini hakumaliza. Aliacha masomo, akaenda kutumika kazi mbalimbali. Mu muji wa Santa Barbara, jimbo la California, alikuwa boyi wa hoteli, mwenye kubeba mizigo ya wageni.

Tusifikiri kama maisha yalikuwa mepesi kule. Wafilipino wengi wa California walikuwa wanatumika mu mashamba ya watu wengine kwa mushahara mudogo. Hawakuhesabiwa kuwa raia wa Marekani. Mu mwezi wa kwanza wa 1930, kule Watsonville, kundi la wazungu liliwashambulia Wafilipino kwa siku kadhaa, na kijana mumoja aliuawa kwa risasi. Ni mu hali kama ile Flores alianza kazi yake.

Inasimuliwa kwamba siku moja alisoma habari ya mutu aliyepata feza mingi sana kwa kuuzisha mupira mudogo uliofungwa na elastiki. Flores akakumbuka muchezo wa kwao. Mu Ufilipino watoto walikuwa wanacheza na kidude cha mbao chenye uzi, na jina lake ni yoyo. Aliomba wenye feza wamusaidie, wakakataa. Hakulia. Mu mwezi wa sita wa 1928 aliandikisha kazi yake kule Santa Barbara, akaiita Yo-yo Manufacturing Company. Lile jina kubwa lilikuwa na mutu mumoja tu na mikono yake miwili! Alichonga yoyo 12, akawauzishia watoto wa jirani. Watoto walipoona namna anavyoicheza, kila mumoja akataka yake.

Sasa tuulize: yoyo ya Flores ilikuwa na nini, wakati michezo ya namna ile ilikuwako zamani? Juu ya vyombo vya Wagiriki wa kale kuko picha ya kijana anayecheza na kitu kama yoyo. Watoto wa wakubwa wa Ufaransa waliicheza mu miaka ya 1780 na 1790. Mu mwaka 1866 Wamarekani wawili waliandikisha yoyo yao mbele ya serikali. Lakini mu yoyo nyingi za wazungu uzi ulifungwa kabisa kwenye kijiti cha katikati. Yoyo ikifika chini, uzi unaivuta mara moja, inapanda. Kushuka na kupanda, basi.

Wafilipino walikuwa na akili ingine. Wao hawakufunga uzi. Wanachukua uzi murefu, wanaukunja mara mbili na kuusokota, ule mukunjo unazunguka kijiti kama pete iliyolegea. Yoyo ikifika chini, kijiti kinaendelea kuzunguka ndani ya ile pete, na yoyo inabaki palepale inazunguka bila kupanda. Wachezaji wanasema yoyo inalala. Ukiivuta kidogo tu na kidole, uzi unalegea, unashika tena kijiti, na yoyo inarudi mukononi. Wakati inalala, unaweza kuitembeza chini kama imbwa, ao kuibembeleza kama mutoto. Michezo mingi ya yoyo ya leo inatokea kwa ule uzi usiofungwa.

Na hapa ndipo Flores alinishangaza. Yeye hakusema hata siku moja kama ni yeye aliyevumbua yoyo. Kila mara alisema ni muchezo wa watu wake. Na ni kweli, maana mu mwaka 1916, miaka 12 mbele ya yeye kuanza, gazeti moja la sayansi la Marekani lilikuwa limekwisha kuonyesha yoyo kati ya michezo ya watoto wa Ufilipino, na jina lilelile.

Kazi ilikomaa upesi. Mu mwezi wa 11 wa 1928 alikuwa ametengeneza yoyo 2,000. Watu wawili wa Los Angeles wakakubali kumupa feza ya kununua mashine. Inaandikwa kwamba mwisho wa 1929 alikuwa na viwanda vitatu, watumishi 600, na yoyo 300,000 kwa siku moja. Hakuuzisha kwa matangazo tu. Alifanya mashindano: ni nani atapandisha na kushusha yoyo mara mingi bila kukosa? Vijana wa Kifilipino, ndugu zake wa inchi moja, walisimama mbele ya maduka na karibu ya masomo wakifundisha watoto. Wale vijana ndio waliingiza yoyo mu mioyo ya Wamarekani, na majina yao mengi yamesahauliwa.

Halafu akaja mufanyabiashara mumoja, Donald F. Duncan. Aliona ule muchezo, akaelewa kama kuko feza. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alinunua kazi ya Flores pamoja na jina la yoyo, ambalo Flores aliliandikisha mu 1930. Bei inatajwa kuwa zaidi ya dola 250,000, feza kubwa sana wakati ule wa taabu, maana biashara ya Marekani ilianguka mu 1929. Flores hakuondoka na kinyongo. Alimusaidia Duncan kufanya mashindano mu miji, kwa sababu alipenda kufundisha watoto kuliko kusimamia viwanda. Mu miaka ya 1950 alianza tena kutengeneza yoyo, lakini ile nguvu ya kwanza haikurudi. Alikufa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Watu wengi walifikiri Duncan ndiye baba wa yoyo.

Na lile jina lilifika wapi? Duncan alilifunga kama mali yake: hakuna mwengine aliye na ruhusa kuita muchezo wake yoyo. Mu mwaka 1965 tribinali ya Marekani iliamua kwamba yoyo ni jina la kitu chenyewe, kama vile mupira ni mupira, na hakuna kampuni inayoweza kulikamata peke yake. Mwaka uleule kampuni ya Duncan ilifilisika, na mu 1968 kampuni ingine ikanunua jina la Duncan.

Tangia pale yoyo imeendelea kwa mikono ya watu wengi. Kuko makundi ya marafiki wanaokutana kuchora yoyo mupya, kuipima, kuirekebisha tena. Wengine waliweka rulema katikati, na yoyo inalala dakika mingi. Kila mumoja anaongeza kidogo juu ya kazi ya mwenzake.

Wapendwa, niliposoma haya nilifungua sanduku langu. Nasema ukweli: mara mbili ao tatu usiku mimi mwenyewe niliichezea ile yoyo, wakati wenyewe walikuwa wananyimwa. Sikuwa na haki. Niliita wale wane, nikawaomba musamaha, nikawarudishia. Niliwauliza ni nani alichonga, ni nani alipata uzi, ni nani aligundua kama upande mumoja ni muzito, ni nani alihesabu. Kila swali lilikuwa na jibu tofauti. Yule wa musumari alinyamaza kwanza, kisha akachukua musasa na kufuta jina lake mwenyewe.

Sasa wanatengeneza ya pili. Kama unataka kuwasaidia, uwatafute chini ya muti wa maembe, lakini nyuma ya saa ya étude, si mbele yake. Kwa sheria ile kapita wenu hajabadirika.