Wangu wa Makeri na Ngoma ya Wanaume

Huku kwetu Pipeline jina la jikedume nimelizoea kama kelele za makanga wa steji. Nimeitwa hivyo tangu darasa la pili, kwa kunyoa nywele, kucheza kabumbu na wavulana vichochoroni na kupandisha mitungi ya maji hadi orofa ya sita. Lakini shosho alipotutembelea kutoka Murang'a, yeye aliniita Wangu wa Makeri. Sikujua kama nimesifiwa ama nimetukanwa. Ikabidi nimtafute huyo Wangu ni nani.

Alizaliwa huko huko Murang'a yapata mwaka wa 1856, akaolewa na Makeri wa Mbogo, akawa mke na mama kama wengine. Wazungu walipoleta serikali yao, vyeo waliwapa wanaume. Basi chifu mkuu Karuri wa Gakure, aliyekuwa akipitia kwa Makeri katika safari zake, akaona mama huyu ana akili na msimamo. (Mengine yanayosimuliwa juu ya Karuri na Wangu siyaandiki, mlezi wa chama atayakata!) Mwaka wa 1902 akamfanya mkuu wa Weithaga. Miongoni mwa Wagikuyu, hakuna mwanamke mwingine aliyeshika cheo hicho wakati wa ukoloni.

Msidhani alikuwa malaika. La hasha! Kazi ya wakuu hao ilikuwa kukusanya kodi ya nyumba na kuwatoa watu kwenda kazi za serikali, na Wangu aliifanya bila huruma. Husimuliwa kwamba mwanamume aliyeshindwa kulipa aliinamishwa chini, naye Wangu akamkalia mgongoni kama kiti. Hapo mimi simtetei. Mtu aliyekosa kodi namjua, kila mwanzo wa mwezi namwona kwenye ngazi zetu akimkwepa mwenye ploti.

Kuna wanaomchanganya na ile hekaya ya kale ya Wagikuyu, ati wanawake walitawala mpaka wanaume wakawapindua. Wangu si hekaya. Alitawala juzi tu, kodi zikilipwa kwa rupia.

Mwaka wa 1909 kukawa na kibaata. Hiyo ni ngoma ya wanaume, na mwanamke mahali pake ni pembeni. Wangu hakukaa pembeni, aliingia uwanjani akacheza. Wengine husema vazi lilimteleza, wengine ati alicheza uchi, kila msimulizi huongeza chumvi yake. Aibu ilikuwa kubwa, akaacha cheo mwaka huo huo.

Jambo hili limeninyima usingizi. Migongo ya watu ilikaliwa miaka saba, na hakuondoka. Alipocheza ngoma siku moja, akaondoka.

Nilimwuliza shosho kwa nini alinipa jina hilo. Alicheka, akanipa kikapu chake nimbebee mpaka steji.

Sasa, si mnajua timu yetu ya ngoma inatafuta wachezaji wa safu ya mbele, wale wa njuga na ngao? Ni safu ya wavulana tangu zamani. Orodha ilibandikwa Jumatatu karibu na maktaba. Jina langu ni la tisa, na mpaka naandika haya hakuna aliyelifuta.