Enoch Sontonga, mwalimu wa kwaya aliyeiombea Afrika

Wengi katika makanisa yetu ya mashariki wanaujua wimbo wa taifa wa Tanzania, Mungu Ibariki Afrika. Wachache wanajua kwamba muziki wake ulitungwa na Mmethodisti, mwalimu wa shule ya misioni aliyefundisha wanafunzi wake kuimba.

Enoch Mankayi Sontonga, wa kabila la Waxhosa, alizaliwa karibu mwaka 1873 huko Uitenhage, Afrika ya Kusini. Alisomea ualimu Lovedale, kisha akatumwa kwenye shule ya Kimethodisti ya Nancefield, karibu na Johannesburg. Mji ule ulikuwa bado mchanga, nao ulizaliwa na dhahabu. Sisi wa Kampene tunajua maisha hayo: dhahabu huita vijana kutoka mbali, lakini haiwashibishi wote. Katikati ya watu wa namna hiyo Sontonga alifundisha darasani, akaongoza kwaya, akahubiri, akatunga mashairi na kupiga picha.

Nyimbo zake aliwatungia wanafunzi wake. Aliziandika katika daftari kwa solfa, ile do-re-mi ambayo waalimu wetu wa kwaya wanaitumia mpaka leo. Mwaka 1897 alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika, ubeti mmoja na kiitikio. Hakuombea kabila lake peke yake. Alimwomba Mungu abariki bara zima. Mwaka 1899 wimbo huo uliimbwa mbele ya watu katika ibada ya kumweka wakfu mchungaji wa Kimethodisti.

Sontonga alifariki tarehe 18 Aprili 1905, akiwa na miaka 32 hivi. Aliacha mke, Diana, na mtoto mmoja wa kiume. Matunda hakuyaona. Mwaka 1912 wimbo wake uliimbwa kwenye mkutano ulioanzisha chama ambacho baadaye kiliitwa ANC. Mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi aliongeza beti saba. Muziki wake ukavuka mipaka mpaka Tanzania na Zambia, na tangu 1994 nchi yake mwenyewe inauimba kama wimbo wa taifa.

Lakini kaburi lake, katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, halikujulikana kwa miaka mingi. Ni mwaka 1996 tu lilipofanywa kuwa ukumbusho wa taifa.

Katika makanisa yetu wako waalimu wa kwaya wanaotunga bila mshahara, na nyimbo zao zinakaa kichwani tu. Tuwapatie daftari. Nyimbo ziandikwe, na jina la mtungaji liwe juu yake. Tuwaheshimu wakiwa hai, tusingoje kutafuta makaburi yao.