Msiri wa Bunkeya na deni la baruti

Ngelengwa, ambaye sisi wa Katanga tunamjua kwa jina la Msiri, alizaliwa karibu mwaka 1830 katika nchi ya Wasumbwa, magharibi ya Tabora. Baba yake, Kalasa, alikuwa mtu wa misafara, aliyefika mpaka huku kutafuta shaba. Mtoto akafuata njia ya baba, na katika miaka ya 1850 akabaki. Alikuwa na wenzake wachache, wale walioitwa Wayeke, yaani wawindaji wa tembo, na walikuwa na bunduki katika nchi iliyopigana kwa upinde na mkuki.

Bunduki hizo zilikuwa magobori tu. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unashindilia risasi, kisha jiwe la gumegume linagonga chuma na kutoa cheche. Mvua ikinyesha, cheche hakuna. Hata hivyo zilitosha. Msiri aliwasaidia machifu wa hapa katika vita vyao, akalipwa heshima na ardhi, na mwishowe yeye ndiye akawa mkubwa wao. Ufalme wake, Garenganze, ulishika njia za shaba, chumvi, pembe na watumwa. Tusilifiche hilo la mwisho: watu waliuzwa, na bei yao ilirudi Bunkeya ikiwa baruti.

Alinunua pande zote mbili. Mashariki walikuja Waswahili na Waarabu. Magharibi walikuja Waovimbundu wa Bihe, wakileta bunduki kutoka Benguela. Nyingi za bunduki za njia hiyo ya Angola zilitengenezwa Liège, Ubelgiji. Chombo cha namna hii fundi wa kijiji anakiweza kwa sehemu: kitako kikivunjika huchonga kingine cha mti, mtutu ukilegea huufunga kwa waya, na jiwe likiisha makali hulibadili. Katanga haikukosa mafundi, kwa kuwa Wayeke walikuwa hodari wa kuvuta waya wa shaba. Lakini baruti nzuri inataka shura, kiberiti na makaa kwa vipimo vyake, na iliyotegemewa Bunkeya ilitoka mbali. Mfalme aliyetawala kwa bunduki alikuwa na deni lisilokwisha kwa wauza baruti.

Deni hilo lilianza kudaiwa mwaka 1891. Wasanga walikuwa wameasi, njia zikafungwa, baruti ikapungua. Wakati huohuo wageni walipishana mlangoni. Frederick Stanley Arnot, mmisionari, alikuwa amefika tangu 1886. Alfred Sharpe alikuja mwaka 1890 na mkataba wa Waingereza, Msiri akaukataa. Paul Le Marinel na Alexandre Delcommune wakaja kwa niaba ya Leopold II, naye hakukubali bendera yao. Mwezi wa Desemba akafika William Stairs, mzaliwa wa Kanada aliyeajiriwa na Leopold huyohuyo, na watu karibu 400, wengi wao kutoka Zanzibar. Silaha zao zilipakiwa kwa nyuma, wala hazikungoja jiwe la gumegume.

Tarehe 20 Desemba 1891 Kapteni Omer Bodson, Mbelgiji, aliingia Munema, mahali alipokuwa mfalme, kumchukua. Pakawa na ugomvi. Bodson akatoa bastola, akampiga Msiri risasi, akafa. Masuka, mwana wa mfalme, akampiga Bodson, naye akafa pia. Bastola ndogo ya mkononi ilimaliza ufalme uliojengwa kwa magobori katika miaka thelathini na zaidi. Mukanda Bantu alirithi kiti, lakini chini ya bendera ambayo baba yake aliikataa.

Kwetu katika isimu, maisha haya yana fundisho lake. Wayeke waliwashinda Wasanga kwa silaha, lakini wajukuu wao wengi leo wanasema Kisanga, lugha ya walioshindwa, ya mama zao. Na Kiswahili, kilichokuja na misafara na kikaja tena na watu wa Stairs, ndicho kinachosikika leo katika masoko ya Lubumbashi. Magobori yameoza na baruti imekwisha. Anayetaka kumjua Msiri aanzie kwa wazee wa Bunkeya, kabla Kiyeke chenyewe hakijabaki cha sherehe tu.